Chaja imeandikwa 60, mbona gari linasoma 29?

Haya wadau, salamu baadaye, niko hapa Nyali na jua la kaskazi lishanichoma. Iangalieni hii chaja ya magari ya umeme. Ubavuni imeandikwa kilowati 60, si ndio? Sasa sogeza kamera hapo kwa skrini, zaidi, hapo hapo. 29!

Na msiseme ni gari, betri iko asilimia 22, hapo ndipo inapokula umeme kwa fujo, na nilipochomeka tu ilisoma 51. Kilichotokea ni huyu bwana wa gari nyeupe, kaja kachomeka kebo ya pili, kumbe boksi ni moja na umeme unagawanywa nusu kwa nusu. Ngojeni, naona anamaliza, anachomoa... haya tazameni namba: 29, 29 bado, 36, 44, 50. Mmeona wenyewe! Na hakuna kibao, skrini haikwambii kitu, nachukia hii tabia wallahi. Si waandike tu "60 ukiwa peke yako", watapungukiwa nini?

Ingawa hata peke yako hiyo 60 mimi siipati, kwa sababu kebo mwisho wake ni ampia 150 na betri yangu saa hii ina kama volti 340, zidisha uone, ni wati 51,000, yaani kilowati 51 basi. Mwenye gari la volti 800 ndiye ataifaidi yote.

Joto nalo, yakhe, ukitoka Mariakani mbio mbio betri ishapata moto, gari lenyewe linapunguza kasi ya chaji lisijiunguze. Wenye Nissan Leaf za zamani mnanielewa, betri yake haipozwi kwa maji. Na ikipita asilimia 80 chomoeni jamani, kutoka hapo inatambaa tu, na nyuma watu wanangoja foleni.

Zile chaja za AC za hotelini, za umeme wa kawaida kama wa ukutani, leo siziongelei sana, hata ikiandikwa 22, kama chaja ya ndani ya gari lako ni kilowati 7 utapata 7, usimgombeze askari wa geti.

Kwa bei sina ugomvi nao, wanalipisha kwa uniti. Wangekuwa wa kulipisha kwa dakika, na huku kugawana kwao, ningeshaondoka zamani, na ukiona stesheni ya dakika uliza kwanza kama kebo ya pili ina mtu. Video ya tuktuk za umeme inakuja Ijumaa, sabskraibu, naenda kutafuta madafu.