Kibanio cha lagi nilichotengenezewa Ngamiani: miezi saba nakitumia, huu ndo uzoefu wangu

Mi ni fundi umeme wa boti na sola hapa Tanga, kazi zangu nyingi ziko Deep Sea na Sahare kwa wavuvi wa dagaa wanaotumia taa za betri badala ya karabai. Kwenye boti lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa mwisho wa waya ili ufungwe kwa bolti, ndo kila kitu. Hewa ya chumvi ikishapenya kwenye nyuzi za waya zinageuka kijani, jointi inashika moto, taa zinafifia, na giza la kuvulia halikai mwezi mzima, nahodha akirudi mikono mitupu usiku mmoja wewe fundi unaijua siku yako itakavyokuwa.

Zamani nilikua nagonga lagi kwa nyundo na patasi halafu naongezea solda. Nimeacha. Solda inapanda ndani ya waya na pale inapoishia waya unakua mkavu, boti ikitikisika wiki mbili tatu unakatikia hapohapo. Nikanunua plaizi ya bei chee ya kubania, lagi ya kumi tu taya zikapinda. Ile ya haidroliki dukani nikatajiwa 140,000, na ni nzito, mi natembea na baiskeli na begi moja.

Basi nikakaa na fundi wa kuchomelea pale Ngamiani tukachora chini kwa chaki. Fremu ni flati nene iliyokunjwa kama herufi C, juu kachomelea nati ndefu, inapita bolti ya M12 (unene milimita 12) inayosukuma taya ya juu kwenda chini, unakaza kwa spana namba 19 ambayo kila fundi anayo. Urefu wa kiganja, inaingia mfukoni. Nguvu yake usiidharau aisee, bolti hiyo inashuka milimita 1.75 tu kwa mzunguko mmoja, kwahiyo ukivuta spana ya sentimita 20 kwa nguvu ya kilo 20 hivi, hata ukitoa msuguano, lagi inapata kama tani moja na nusu.

Taya ndo zilitumaliza muda. Ni vipande vya springi ya gari, na springi haitoboleki hivihivi, akaichoma mpaka ikawa nyekundu akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu. Akaviweka vipande viwili pamoja na kipande cha bati katikati, akatoboa tundu pale vinapokutana. Ukitoa bati tundu linakua dogo kidogo kuliko lagi, na huko ndo kubana kunakotoka, mi sikuwahi kuliwaza hilo.

Ya kwanza ilinisumbua, ncha ya bolti ilikua inazunguka juu ya taya, inaisaga na kuivuta upande, lagi inatoka imepinda. Nikairudisha kwa fundi nikamwambia shehe hii haifai. Akafikiria weee, akachukua gololi ya baiskeli, akachimba kishimo kidogo kwenye taya na kingine kwenye ncha ya bolti, akaiweka katikati na grisi. Toka siku hiyo taya inashuka imenyooka. Gololi moja tu!

Nikaijaribu kabla sijaipeleka kwenye boti ya mtu. Nikabana lagi ya 25, yaani ya waya wa milimita 25 za mraba, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma, nikapiga msasa, nikapiga picha na simu nikaivuta karibu. Nyuzi sio duara tena, kila moja imepata pembe, zimelaliana kama sega la nyuki na hamna hata tundu. Nikakata na moja ya nyundo, ile ina matundu meusi upande mmoja na nyuzi zingine zimekatika kabisa. Halafu nikapima kwa mita, mzigo wa ampea 40, kati ya waya na lagi ya nyundo ilisoma milivolti 31, ya kibanio 2, na hapo namba ikiwa ndogo ndo umeme haupotei kwenye jointi.

Sasa mabaya yake. Ni ya polepole, lagi moja dakika mbili tatu, kama unafunga sola nyumba nzima utachoka mkono. Inabana 16 na 25 tu. Pembeni inaacha visikio vya shaba inabidi upige tupa, la sivyo vinachana raba ya kuvalisha juu. Na bolti inashika kutu haraka, mi kila jioni nafuta na grisi. Vilagi vya rangi, vile vyekundu, bluu na njano, usijaribu, vinapasuka plastiki yake.

Nilimlipa 28,000 pamoja na vyuma, na kwa fundi wa boti nasema kanunue leo. Lagi nilizobana mwezi wa kwanza wa kazi nilizifungua juzi, ndani shaba bado nyekundu.

Nimeshaagiza ya pili ya waya wa 35. Kaniambia bolti iwe ya 14 na fremu aiongezee unene, na gololi ile kubwa ya ekseli ya nyuma, sio ya mbele.