Mfupa wa mtoni: wa baisani au wa ng'ombe?

Maji ya Mto Kansas, Marekani, yakipungua, mchanga huacha wazi mifupa ya wanyama wakubwa. Ukibahatika kuokota fuvu, kazi ni nyepesi. La baisani, yaani ng'ombe-mwitu mwenye nundu wa Amerika Kaskazini, lina paji pana lililobinuka, na matundu ya macho yamechomoza pembeni kama mabomba mafupi; la ng'ombe ni bapa zaidi na matundu yake hayakutokeza hivyo. Tazama na pembe: za ng'ombe huota kwenye ukingo wa juu kabisa wa kisogo, za baisani zimesogea mbele kidogo ya ukingo huo.

Pingili za mgongo, usawa wa mabega, nazo husaidia. Miiba yake, yaani vijiti vya mfupa vinavyosimama juu ya pingili, kwa baisani ni mirefu mno, maana ndiyo inayobeba nundu.

Mtihani ni mifupa ya miguu. Inafanana sana, na kipande kilichosagwa na maji huweza kumshinda hata mtaalamu. Rangi isikudanganye: weusi hutokana na madini ya tope, si lazima umri. Ila nikiona mkato mnyoofu wa msumeno wa buchani, mimi nasema ng'ombe.