Boksi la dharura kwa watoto: kadi za moto safi sana, zile nyekundu nimezificha

Nimekaa na hili boksi mwezi mzima ndo naandika, maana kuna watu wanatoa nyota 5 siku ileile mzigo umefika hata nailoni haijachanwa. Ni mchezo wa kadi wa kufundisha watoto mambo ya dharura na usalama wa taifa, miaka 6 hadi 12 wameandika, ndani kuna kadi, ubao, kijitabu cha mzazi, filimbi na katochi ambako betri ujitafutie mwenyewe. Mnauza vifaa vya dharura halafu hamna betri, jamani.

Ninao wawili, wa miaka 7 na wa 10.

Kadi za nyumbani ndo zimenifanya nisijute. Mbele kuna swali, ukigeuza hukuti jibu la kukariri, unakuta kitu cha kufanya. Yaani mtoto hasomeshwi kwamba moshi unapanda na hewa nzuri inabaki chini, anaambiwa atambae kutoka kitandani hadi mlangoni akiwa amefumba macho, na kabla hajafungua aguse mlango kwa mgongo wa kiganja, ukiwa wa moto asifungue. Mdogo mara ya kwanza kajigonga kichwa kwenye kabati tukacheka wote, mara ya pili akagundua mwenyewe kwamba ukifuata ukuta hupotei, na hilo halikuandikwa popote. Ile ya nguo kushika moto, simama, lala chini, bingirika, wamebingirika wiki nzima mpaka nikachoka. Ya mafuriko nayo iko vizuri, inasema wazi kwamba maji ya sentimita 15 tu yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima, nikapima kwa rula kwenye mguu wangu, yalinifika juu kidogo ya kifundo. Hata mimi nilikuwa sijui!

Lakini kadi iliyoniumbua ni ya simu. "Taja namba ya mzazi bila kuangalia." Kimya. Mkubwa anaweza kukutajia wachezaji wa timu nzima na jezi zao, namba yangu hajui hata tarakimu 3, si nimeseviwa Mama, anabonyeza tu. Nikamuuliza na namba ya dharura akanijibu chap chap 911, ya kwenye katuni, kwetu wala haitumiki. Hapo waliotengeneza wamefikiria, ubaoni wameacha nafasi tupu ujaze mwenyewe, kwa sababu kuna nchi ni 999, kuna 112, kuna ambako polisi wana yao na zimamoto wana yao. Tumeziimba kama wimbo kila tukipiga mswaki, sasa hivi hata mdogo anazo kichwani.

Kijitabu hakina mengi ila kina kisa cha Tilly Smith, yule mtoto wa Uingereza aliyekuwa ufukweni Phuket, Thailand, tarehe 26 Desemba 2004 na familia yake, ana miaka 10, akaona bahari inatoa povu na maji yanakuja hayarudi, akakumbuka somo la jiografia la wiki 2 nyuma akaanza kupiga kelele tsunami inakuja. Watu wakaondolewa pale ufukweni wakapona. Mkubwa amenisomesha hicho kisa mara 3, halafu akaniuliza, "Mama, kwani wakubwa walimwamini?" Nikamwambia ilibidi ang'ang'anie. Akanitazama kwa muda, nikajua ananipima mimi.

Sasa kasoro. Kadi ya kuungua inasema umwagie maji "kidogo", hapana, watu wa huduma ya kwanza wengi wanasema maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, na dakika 20 kwa mtoto anayelia ni ndefu mno ndo maana inabidi aijue mapema. Nimeandika juu yake kwa kalamu.

Kubwa ni zile kadi nyekundu za usalama wa taifa. Zinazoeleza nani anafanya nini, jeshi, polisi, zimamoto, uokoaji, hazina shida. Halafu unafika kwenye hii: mchoro wa mwanaume ana ndevu na begi kubwa, "Umemwona mtu usiyemjua karibu na shule, utafanya nini?" unageuza, "Mripoti." Basi! Hajafanya kitu, kasimama tu. Siku 2 baadaye kaja fundi bomba na begi lake la vifaa, mdogo akajificha nyuma yangu akaninong'oneza, ila mnong'ono wa mtoto si mnaujua, "ndo yule wa kwenye kadi." Fundi akacheka, mimi sikujua niweke wapi uso.

Mtoto afundishwe kuangalia kitu na kitendo, asifundishwe kuangalia sura ya mtu. Begi limeachwa halina mwenyewe, usiliguse, sogea mbali, mwambie mkubwa. Mtu anakuambia hii iwe siri yetu usimwambie mama, nenda kaseme hapohapo. Na wamesahau kabisa uvumi, hakuna hata kadi moja ya meseji za kutisha zinazosambazwa wakati wa dharura, wakati huyu wa miaka 10 ndo anayenishikia simu nikiwa jikoni na anafowadi kuliko mimi.

Kwa hiyo kadi nyekundu 5 nimeziondoa, nimekata karatasi ngumu tukaandika zetu. Ile ya fundi, mdogo kaichora mwenyewe, begi limefunguliwa, spana zinaonekana zote.

Nyota 4 za nyumbani, 2 za nyekundu. Filimbi haina tatizo lolote, inasikika mpaka nje, msiwape siku ya kwanza.