Yamaha DT 125 ya mnadani, Arua mpaka Mombasa: uzoefu wangu

Watu wengi wananiuliza kama DT 125 ya zamani, zile tulizozoea kuona zikiendeshwa na mapadri na mabwana shamba, inaweza kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ifike Mombasa na kurudi bila kupakiwa kwenye Fuso. Jibu langu ni kwamba inaweza, lakini siyo ile unayoinunua mnadani Jumamosi alafu Jumatatu unafunga mizigo. Ni zaidi ya kilomita 1,600 kwenda tu, na njiani kuna joto la Pakwach, baridi ya Timboroa na unyevu wa pwani, sasa injini ya zamani inahisi yote hayo kuliko wewe uliyekaa juu.

Yangu ilikuwa ya shirika moja lililofunga ofisi, wakaiuza pamoja na meza na viti. Ni ile yenye injini ya tustroki (mipigo miwili, inachoma oili pamoja na petroli) inayopozwa na upepo, silinda ya milimita 56 kwa 50 ambayo inatoa cc 123, breki za drami mbele na nyuma, shokapu moja ya nyuma imejificha ndani ya fremu. Haina platini, ina CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha plagi), haina radieta, haina valvu za kurekebisha. Vitu vya kuharibika ni vichache na ndiyo maana bado zinatembea huku West Nile mpaka leo, ila hivyo vichache ukivipuuza inakuacha barabarani bila hata kukuonya.

Nianze na pistoni maana ndiyo kila mtu anaanza nayo. Ukifungua hedi angalia juu ya pistoni, kama imewahi kuchongwa utakuta namba. Yangu ilikuwa na 0.50, maana yake silinda imeshapanuliwa nusu milimita huko nyuma na bado kuna nafasi ya 0.75 na 1.00 kabla ya kutafuta slivu mpya. Silinda ilikuwa na mikwaruzo upande wa ekzosti tukaamua kwenda 0.75. Hapo ndipo nilikutana na ujinga wa spea: nilinunua pistoni Kampala kwenye duka moja, boksi safi kabisa lenye jina kubwa, fundi wangu akaitoa, akaipapasa kwa kidole kwenye mfereji wa ringi, akaguna. Kile kipini kidogo kinachozuia ringi isizunguke kilikuwa kinacheza. Kwenye fostroki (mipigo minne) hamna hicho kipini lakini kwenye tustroki kikitoka ringi inazunguka, ncha yake inaingia kwenye tundu la silinda na hapo unaokota vipande. Duka walikataa kurudisha pesa, wakasema nimeshafungua nailoni. Ya pili nilinunua nikiwa na fundi kwenye simu ya video, kila kitu kilipimwa hapo hapo kaunta, na muuza duka akanuna lakini alikubali. Fanyeni hivyo.

Ila pistoni siyo habari kubwa. Habari kubwa ni sili za kranki, zile ringi za mpira zinazoziba hewa kwenye ncha mbili za kranki, na hii watu hawaijui kabisa.

Fundi wangu ni mzee ambaye alitengeneza pikipiki za misheni tangu nikiwa mtoto. Mi nilikuwa nimeshafurahi, injini inawaka kwa kiki moja, mlio mzuri, nikamwambia mzee tufunge tu. Akaniambia, "Kijana, hii injini inapumua kwa tumbo. Tumbo likiwa na tundu itakudanganya hapa mjini alafu ikuulie mbali." Tumbo ni ile kesi ya kranki chini ya silinda. Akatoa sumaku, lile gurudumu la kuzalisha umeme upande wa kushoto, kwa kutumia puli yake (siyo nyundo, fundi akitaka kupiga nyundo sumaku ya DT mnyang'anye pikipiki yako uondoke), akaziba mlango wa ekzosti kwa kipande cha tyubu na bamba, upande wa kabureta akafunga mpira wenye valvu ya baiskeli. Akapiga pampu mara chache tu, pole pole, upepo kidogo sana, ukizidisha unaziharibu sili ambazo zilikuwa nzima. Alafu akapaka povu la sabuni ya kufulia kwa brashi ya kunyolea. Kwenye gasketi ya silinda kimya. Kwenye hedi kimya. Kushoto nyuma ya pale sumaku ilipokuwa, povu likaanza kuvimba, kapovu kadogo kanakua kanapasuka, kengine kanakuja. Mzee hakusema kitu, aliniangalia tu.

Ile sili ya kushoto ikivuja injini inanyonya hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inapata moto na inashika. Utaijua barabarani ukiachia akseleta alafu injini haishuki haraka, inabaki inalia juu juu. Ya kulia ni tofauti, ipo upande wa klachi, ikivuja injini inakunywa oili ya giabox, unaona moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua bila kumwagika chini. Sili zenyewe ni mpira tu, pikipiki ikikaa stoo miaka bila kuwashwa zinakauka na kuwa ngumu, kwa hiyo DT ya mnadani yenye kilomita chache siyo lazima iwe nzuri kuliko iliyokuwa inatembea kila siku. Tulibadilisha zote mbili, bei yake ukilinganisha na pistoni ni ndogo sana, kazi ndiyo inakula pesa.

Tukiwa humo ndani tukaangalia na ridi, yale majani membamba kati ya kabureta na injini. Unayashika kuelekea mwanga, ukiona mwanga unapita pembeni yamepinda. Yangu yalikuwa sawa. Sponji ya filta ya hewa ilikuwa imeoza inameguka mkononi, na kwa vumbi la murram la huku hiyo peke yake ingetosha kumaliza silinda mpya.

Alafu pampu ya oili. DT ina tanki yake ya oili, huchanganyi mwenyewe, pampu ndogo wanayoiita Autolube inasukuma oili kulingana na akseleta. Wengi wanaikata wanaanza kuchanganya kwenye petroli kwa kuiogopa. Mi naona ni kuionea tu, ile pampu yenyewe haifi ovyo, kinachoharibika ni waya wake kulegea na hewa kuingia kwenye paipu. Tulitoa hewa, tukalinganisha alama za pampu na akseleta, na tanki la kwanza la petroli niliweka oili pia, mililita 25 kwa kila lita, kama bima mpaka nione oili kwenye tanki yake inapungua kweli. Ilipungua, nikaacha. Safari nzima lita moja ya oili ilinipeleka karibu kilomita elfu. Nunua chupa ya oili ya tustroki iliyoandikwa JASO FC au FD (alama za ubora), usikubali ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, na ukikwama mji mdogo ulizia wanaouza vifaa vya pawasoo (misumeno ya injini), wao huwa wanayo.

Sasa kabureta, hapa ndipo nataka msome vizuri. Arua na Kampala zote ziko kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Kabureta iliyopimwa hapa inafaa hapa. Ukishuka Pakwach uko kwenye mita 600 na kitu, hewa ni nzito zaidi, petroli ni ile ile, mchanganyiko unakuwa mwepesi na juu yake joto. Ukifika Timboroa uko juu ya mita 2,700, kinyume chake, petroli inazidi, injini inakuwa nzito inakohoa moshi. Alafu kutoka Nairobi unashuka tu, Mtito Andei, Voi, mpaka bahari yenyewe. Kwenye Boxer, ile fostroki ya bodaboda, huwezi kujali sana haya, itapungua nguvu kidogo mlimani basi. Kwenye tustroki ya upepo petroli ikizidi inachafua plagi, ikipungua inatoboa pistoni, na plagi unabadilisha kando ya barabara kwa dakika tano. Kwa hiyo fundi alinishauri tuiweke ya bahari tangu nyumbani: jeti kubwa (tundu linalopima petroli kwenye kabureta) iongezwe hatua moja, na klipu ya sindano ya kabureta ishuke mfereji mmoja ili sindano ipande. Huku nyumbani inakuwa na moshi kidogo na uvivu, uivumilie.

Na kweli Timboroa ilinitesa. Asubuhi, baridi ile ya kutoa machozi, malori yanapanda na mimi nikiwa nyuma yao kwenye gia ya tatu, injini inabubujika kama haitaki, nikasimama nikatoa plagi nyeusi tititi nikaweka safi nikaendelea. Watu wa pale walinihurumia. Lakini karibu na Mtito Andei nilifanya kipimo, ukiwa kwenye mwendo wa safari unazima injini hapo hapo huku umeshika klachi, unateleza mpaka kando, unatoa plagi uone rangi kabla injini haijaunguruma tena taratibu bila akseleta. Ilikuwa kahawia. Ingekuwa nyeupe ningerudi nyuma kutafuta jeti nyingine, wallahi nisingethubutu kuendelea na lile joto. Ushauri mdogo, kipimo hiki usikifanyie pale Karuma, wale nyani hawaogopi mtu, wanachukua begi na spana zako wakaenda nazo.

Miteremko nayo ina mambo yake. Tustroki ukiachia akseleta haikushikilii kama fostroki, unabaki na drami tu, na drami ya mbele ya DT ilitengenezwa kwa mtu mmoja na shamba, siyo mtu na mabegi kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan na Salgaa huku lori linakupumulia mgongoni. Breki shuu mpya, waya mpya, na unabonyeza unaachia unabonyeza unaachia, usiikalie. Alafu kwa sababu akseleta imefungwa pampu inatoa oili kidogo sana huku injini inazunguka kwa kasi, kwa hiyo kila baada ya muda shika klachi, pandisha akseleta kidogo iipate oili, endelea. Mwanzoni unajiona mshamba, baadaye mkono unazoea wenyewe.

Tairi ya mbele ni rimu 21 na ya nyuma ni 18. Boda nyingi ni 17 kwa hiyo tyubu ya 21 usitegemee kuipata kwa fundi wa pancha wa njiani, beba yako, na ile ya 21 ikibidi inaingia hata nyuma kukufikisha mjini. Cheni ni 428, hiyo haisumbui. Spoki zigonge moja moja kwa spana usikie, inayolia butu imelegea. Bushi za swingamu ziangalieni, kwenye pikipiki za mashirika hakuna aliyewahi kuzitia grisi.

Karatasi: kama umenunua mnadani hakikisha logibuku imeshahamia kwenye jina lako kabla ya kwenda mpakani, la sivyo uwe na barua ya mwenyewe, na kama shirika limefungwa nani atakuandikia? Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA nilikata mapema. Kitambulisho cha taifa cha Uganda kinatosha kuingia Kenya. Nilipita Malaba, foleni ya malori ni ndefu ila pikipiki inajipenyeza. Nairobi sikuingia mjini, nilichukua Southern Bypass nikatokea Mombasa Road.

Mafuta ilikula lita moja kwa kilomita 26 au 27 ikiwa na mzigo, ambayo ni mbaya ukiiweka mbele ya Boxer, Boxer ingekunywa karibu nusu ya hapo. Tanki ni dogo kwa hiyo unajaza kila unapoona kituo cha maana. Mwendo mzuri ni 65 mpaka 70, ukiisukuma 85 inakwenda lakini mikono inakufa ganzi na unajua kabisa unamkopa fundi. Taa ni ya kutafutia kuku, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeshatafuta gesti, na kipande cha Tsavo huwezi kunishawishi nikipite usiku kwa kitu chochote cha magurudumu mawili, tembo ni wale wale na madereva wa malori wanasinzia.

Kama unataka pikipiki ya kazi na safari ni lami tupu, nunua Boxer usijisumbue, spea ziko kila kona na kila mtoto anaijua. DT ni ya mtu ambaye njia yake ina Koboko, Moyo, mchanga, matope ya mwezi wa nane, na ambaye ana fundi wa zamani karibu. Bila huyo fundi sikushauri. Yangu mpaka sasa haijafunguliwa injini tangu nirudi, ila shokapu ya nyuma imeanza kutoa oili, na ile ya original nimeambiwa bei yake nikakaa chini, kwa hiyo natafuta mtu ambaye ameshawahi kuifungua na kuijaza upya anieleze alitumia gesi ya wapi.