Fomu ya CASP kwenye kilabu cha jarida: nzuri na ya bure, ila usianze na swali la kwanza

Kilabu cha jarida, yaani kikao cha madaktari kujadili makala ya utafiti (hiki hakiuzi malwa, pombe ya ulezi), huharibika karibu kila mara kwa namna ileile. SHO (daktari anayesomea ubingwa) anasimama na slaidi 40, anaisoma makala aya kwa aya, bingwa anatoa hukumu, watu wanaenda kunywa chai. Dawa inayotajwa sana ni fomu ya CASP (Critical Appraisal Skills Programme), orodha ya maswali ya kupima ubora wa utafiti, iliyoanzia Oxford mwaka 1993. Inapakuliwa bure. Tunayoipima hapa ni ile ya majaribio ya nasibu (wagonjwa hugawanywa makundi kwa bahati), toleo la 2020: maswali 11, na kila moja hujibiwa Ndiyo, Hapana au Haijulikani.

Makala ya kuipimia ni FEAST, iliyotoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa nasibu Uganda, Kenya na Tanzania. Hospitali za Uganda za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor zilikuwamo. Wengine walipewa haraka maji mengi ya mshipani, ya albumini (protini ya damu) au salaini (maji ya chumvi), wengine hawakupewa.

Maswali matatu ya mwanzo yanafanya kazi vizuri. Yanamlazimisha msomaji kutafuta swali la utafiti, namna watoto walivyogawanywa, na kama wote walihesabiwa hadi mwisho. Swali la 4 ndilo linalozua fujo. Linauliza kama wagonjwa na watafiti walifichwa nani anapata nini. Katika FEAST jibu ni Hapana, kwani huwezi kuficha dripu inayokimbia, na intani (madaktari walio mazoezini) wengi hapo hapo huandika “utafiti dhaifu”. Fomu haisemi kwamba uzito wa jibu hutegemea kinachopimwa. Kama kilichopimwa ni maumivu, kutoficha ni doa kubwa. Kama ni kifo ndani ya saa 48, macho ya mpimaji hayabadilishi sana hesabu. Mwongoza kikao asipolisema hili, fomu hugeuka mtihani wa kuhesabu alama za vema.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye sehemu ya matokeo, swali la 7 hadi la 9. Fomu inauliza matokeo ni yapi na yana uhakika gani, lakini haikupi mahali pa kupigia hesabu. Basi watu wananakili uwiano wa hatari (hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa ya lingine), 1.45, wanatangaza “vifo vimeongezeka kwa asilimia 45” na kusonga mbele. Chora jedwali la visanduku vinne nyuma ya karatasi. Waliopewa maji ya haraka walikufa 221 kati ya 2,097, yaani asilimia 10.5. Wasiopewa walikufa 76 kati ya 1,044, asilimia 7.3. Tofauti ni kama watoto 3 kwa kila 100, maana yake kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 31 hivi waliopewa. Namba hiyo ndiyo inayozungumza na nesi wa wodi. Kisha tazameni mipaka ya uhakika ya ule uwiano, 1.13 hadi 1.86: hata upande wa chini umezidi 1, bado ni madhara.

Kwa kikao cha saa moja, tunashauri mgeuze mpangilio: dakika 5 za mgonjwa halisi wa wodini, 20 za matokeo na jedwali, 15 za maswali ya 1 hadi 6, na 20 zote kwa la 10 na la 11, yanayouliza kama matokeo yanahusu wagonjwa wenu. Mkifuata namba za fomu, saa huisha mkibishana kuhusu bahasha za nasibu (zilizoficha mtoto anaingia kundi gani). Katika FEAST, swali la 10 lina nyama nyingi: watoto wenye utapiamlo mkali, wanaoharisha na kutapika, walioungua na walioumia hawakuingizwa. Anayeondoka akiamini kwamba mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha asipewe maji ameisoma makala vibaya kuliko ambaye hakuisoma.

Makala itumwe WhatsApp siku 7 kabla, pamoja na kiambatisho chake. “Haijulikani” nyingi hutokana na watu kutofungua kiambatisho, ambako itifaki (mpango wa utafiti ulioandikwa kabla) huwa imelala. Kwa majarida ya kulipia, Uganda imo katika kundi linalopata Hinari (mpango wa WHO wa kusoma majarida ya afya) bure, ila lazima uingie kwanza kwa nywila ya taasisi kupitia mkutubi. Ukifungua jarida moja kwa moja kutoka Google, utaombwa dola. Na bingwa azungumze mwisho. Akitangulia, hakuna intani atakayejibu Hapana.

Fomu ya CASP tunaipa nyota 4 kati ya 5. Msiichanganye na CONSORT, ambayo ni ya mwandishi kuhakiki kama ameripoti yote, si ya msomaji kupima ubora. Na siku mnaposoma mwongozo wa matibabu badala ya utafiti, iacheni kabatini. Chukueni AGREE II, fomu ya kupima miongozo, yenye vipengele 23, na tengeni vikao viwili, kwa sababu kimoja hakitoshi.