Pweza wa nazi Jambiani: tumekula, na pesa tumeifuata ilikokwenda

Jumamosi ilopita tulikuwa wanne, mie, wifi yangu na watoto wawili, tukapanda daladala ya 309 kutoka Mjini mpaka Jambiani, kijiji cha kusini mashariki ya Unguja, kula kwenye banda la makuti la bi mkubwa mmoja pale pwani. Jina silitaji, mwenyewe hataki kuandikwa, lakini ukiuliza kwa pweza wa nazi watoto wa pale watakupeleka mpaka mezani.

Chakula kwanza. Pweza mashaallah, laini, unamkata kwa ubavu wa kijiko. Nlimuona bi mkubwa anamponda kwa mti nyuma ya banda kabla hajamtia sufuriani, na nazi inakunwa palepale kwenye mbuzi, tui la pili linachemshia, tui la kwanza linaingia mwisho na moto umeshapunguzwa, kwa hiyo mchuzi unakuwa mzito na haukatiki. Wali wa nazi, achari ya embe, ndimu, madafu. Kachumbari tu ndo ilikuwa na chumvi nyingi. Tumesubiri kama saa nzima na robo, watoto wakaanza kulia njaa, hilo ajitahidi. Hesabu yote ikaja elfu 62.

Sasa mie nimefanya kazi ya stoo miaka kadhaa kwenye hoteli moja kubwa ya huku mashariki, kwa hiyo nikiona bili mkono unawasha, nataka kujua hii pesa inakwenda wapi. Nikamuomba bi mkubwa tukae tupige hesabu, akakubali, akanambia "kaa mwanangu, hii haina siri". Elfu 20 ya pweza, imekwenda kwa mama mmoja wa hapohapo kijijini aliyemchokoa mwambani asubuhi bahari ilipotoka. Elfu 7 nazi, ndimu na madafu, vyote vya Jambiani. Elfu 9 wasichana wawili wanaomsaidia. Elfu 14 imetoka nje ya kijiji, mchele, mafuta, gesi, vitunguu na tungule za soko la Mwanakwerekwe, Mjini. Ilobaki elfu 12 ndo yake. Yaani katika elfu 62, elfu 48 imelala Jambiani usiku ule, na yule mama wa pweza kesho yake anaipeleka dukani na kwa fundi cherehani anayeshona sare za skuli, inazunguka tena.

Pale stoo nlikuwa napokea gari za mboga na nyama zimetoka mbali, vitu vya kijijini vilikuwa samaki na madafu, basi. Na mgeni mwenyewe kashalipa kila kitu kwao Ulaya kwa wakala, ndege, chumba, chakula, vinywaji. Ukimuuliza ametumia kiasi gani kuja Zanzibar atakutajia fungu kubwa, lakini sehemu yake haikukanyaga hapa hata siku moja. Sisemi hoteli hazina faida, mshahara wangu ulitoka huko na watoto wamekula. Nasema ukitaka kupima utalii umeleta nini usitazame alicholipa mgeni, tazama kilichofika na kilichobaki.

Hili linanigusa kwa sababu kila mwaka tunasikia idadi ya wageni tu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inawahesabu wanaoingia kwa uwanja wa ndege na bandarini, na kazi hiyo inahitajika sana, mwaka 2023 walipita laki 6 na mwaka 2024 wakapita laki 7. Lakini kichwa cha mtu si pesa. Kuna utaratibu wa kimataifa, ulioboreshwa 2008, unaitwa akaunti setilaiti ya utalii, unachukua matumizi ya wageni upande mmoja na unayalinganisha na kile ambacho mahoteli, mikahawa, usafiri na wengine wamezalisha upande wa pili, ndo unapata mchango wenyewe wa moja kwa moja wa utalii kwenye uchumi. Yule mama wa pweza hayumo kwenye mchango huo wa moja kwa moja, yeye anaonekana ukifuata nani kamuuzia nani. Ukiishia mlangoni mwa mkahawa umemwacha mwambani.

Na kitu chengine, sisi wanne tulikuwa watalii au hatukuwa? Kitaalamu mgeni ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku, kwa muda usiofika mwaka, na hakuja kuajiriwa hapo alipofika. Akilala ni mtalii, asipolala ni mgeni wa siku moja. Sisi tumetoka Mjini tumerudi jioni, kwa hiyo wageni wa siku moja. Kwa Wilaya ya Kusini elfu 62 yetu ni pesa mpya kabisa. Kwa Zanzibar nzima si mpya, imetoka mfuko mmoja imeingia mwengine. Angekuja mtu wa Dar, kwa Zanzibar ingekuwa mpya na kwa Tanzania ikawa ileile ya ndani. Kwa hiyo mtu akikwambia utalii umeingiza kadhaa, muulize umeingiza wapi, kijijini, wilayani au nchi nzima, kwani jibu linabadilika.

Lawama yangu kubwa kwa bi mkubwa ni moja, hana risiti. Kaandika hesabu kwenye kipande cha boksi. Nlimwambia kwa adabu, bi mkubwa, hii elfu 62 leo haijulikani kama imepita hapa, na siku wakipanga barabara au maji watasema huku hakuna biashara. Akasikiliza vizuri, akasema mtoto wake atamshughulikia mashine ya risiti. Nitakwenda kuangalia.

Nampa nyota 4 kwa 5. Nendeni siku za bamvua, bahari inapotoka mbali, kwani siku za maji mafu haitoki sana, pweza huwa adimu na atakupikia samaki changu. Mpelekeeni salamu siku moja kabla ili msikae na njaa kama sisi, chukueni pesa taslimu kwani kadi hapokei, na muwahi, magharibi anafunga.