Maji ya kunywa: kuchemsha au klorini?

Huku Newala, mkoani Mtwara, maji ya mvua hukaa miezi mingi kwenye kisima cha nyumbani. Kipimo kisipokuta E. koli, bakteria wa kinyesi, msitulie: bakteria huyo hufa mapema, ilhali virusi vya homa ya ini A huweza kudumu majini wiki kadhaa, hata miezi.

Maji yakichemka kabisa, vijidudu vyote vya maradhi hayo ya maji hufa, hata kriptosporidi, kijidudu cha kuharisha kinachoishinda klorini. Ila mkaa ni ghali, na ukichota kwa kikombe kichafu, vijidudu vimerudi. Klorini ni nafuu. Ukishaitia, subiri nusu saa, nayo hubaki ikilinda ndoo. Maji ya tope huimaliza nguvu, chujeni kwanza. Kwa mtoto mchanga, mimi ningechemsha. Familia kubwa, kuni haba: klorini.